Kitenzi 'Kutaka' si Kivuli cha 'Want'

Miongoni mwa vitenzi ambavyo mwanafunzi wa Kiswahili hudhani amekwisha kuvimaliza tangu shule ya msingi, 'kutaka' hushika nafasi ya mbele. Ni kitenzi kifupi. Hutumiwa kila siku sokoni, nyumbani na darasani, na kamusi nyingi ndogo za lugha mbili hukipa kisawe kimoja tu cha Kiingereza, yaani 'want'. Hapo mjadala hufungwa. Mwanafunzi hubaki na imani kwamba popote palipo na 'want' ataandika 'taka', na popote palipo na 'taka' atatia 'want', naye hatakosea.

Makala haya yanaipinga imani hiyo. Yanashikilia kwamba vitenzi hivi viwili vina asili tofauti, vinafuata kanuni tofauti za sarufi, na vinakutana katika sehemu moja kuu ya maana, ile ya kutamani jambo. Nje ya sehemu hiyo kila kimoja kina njia yake. Anayevichukulia kuwa pacha hukosea katika insha na hukosea zaidi katika tafsiri. Akiwa mkalimani mahakamani au hospitalini, kosa lake humwangukia mtu mwingine.

'Want': kutoka kukosa hadi kutamani

Itafaa kuanza na kitenzi cha Kiingereza, maadamu ndicho kinachodhaniwa kuwa kipimo. 'Want' si neno la asili la Kiingereza. Kiliingia katika lugha hiyo mnamo mwaka 1200 hivi kutoka lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, ambako 'vanta' ilikuwa na maana ya kukosa au kupungukiwa. Kwa karne kadhaa Mwingereza aliyekitumia kitenzi hiki alikuwa akieleza upungufu wala si tamaa. Maana ya kutamani ilianza kujitokeza waziwazi katika karne ya 18. Hatua yenyewe si ngumu kufahamika: aliyekosa kitu hukihitaji, na anayekihitaji hatimaye hukitamani.

Maana ya kale haijafa. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Zaburi ya 23 inakitumia kitenzi hiki katika mstari wake wa kwanza kwa maana ya kupungukiwa. Msomaji wa leo anayeujua 'want' wa leo pekee anaweza kudhani kwamba mwimbaji anamkataa mchungaji wake. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili hawakuteleza hapo. Walichagua 'kupungukiwa', na kwa uteuzi huo wakadhihirisha kwamba mfasiri mzuri hutafsiri maana, hatafsiri umbo.

Maana hiyo hiyo imo katika hati kubwa za karne ya 20. Tarehe 6 Januari 1941, Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani alitaja uhuru wa aina nne, na mmoja wao ulikuwa uhuru dhidi ya 'want'. Mwaka 1942 ripoti ya William Beveridge nchini Uingereza ililitaja neno hilo kuwa mojawapo ya majitu matano yaliyoikabili jamii, pamoja na maradhi, ujinga, uchafu wa makazi na ukosefu wa kazi. Mwaka 1948 dibaji ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu ililirudia tena kando ya neno la hofu. Mfasiri anayeshikilia kisawe chake cha shule ya msingi atapata 'uhuru wa kutotaka', dhana ambayo hakuna mkutano wa mataifa uliowahi kuijadili. Kiswahili kina maneno yanayostahili hapo: uhitaji, dhiki, ufukara. Viongozi wa Afrika Mashariki walipowatangaza maadui wa taifa baada ya uhuru, walisema 'umaskini, ujinga na maradhi'. Hilo neno 'umaskini' ndilo linalokaa pale alipokaa jitu la kwanza la Beveridge.

Hata magazeti ya Kiingereza ya Nairobi huiendeleza maana hii kila yanaposema kwamba hali ya barabara fulani ni 'wanting'. Barabara hiyo haitaki chochote. Ina kasoro, au haijafikia kiwango.

Mawanda ya 'kutaka'

'Kutaka' kwa upande wake kina mawanda mapana, na mengi kati ya hayo hayana uhusiano na upungufu. Kwanza, kinaeleza nia au tamaa ya mtu: 'Nataka kusoma sheria.' Pili, kinaeleza dai: 'Mwenye nyumba anataka kodi yake' haina maana kwamba anaitamani, bali anaidai, na huenda mlango ukafungwa asipoipata. Tatu, kikiwa na kiima kisicho na uhai, kinaeleza hitaji: 'Mchuzi huu unataka chumvi', 'Safari ya mbali yataka maandalizi.' Nne, kikifuatwa na mtu kama yambwa pasipo jambo jingine, huingia katika mapenzi: 'Juma anamtaka Halima.' Katika kauli ya kutendana, 'wanatakana', maana hiyo hubaki peke yake.

Tano, kikikanushwa kwa kiima kisicho na uhai, kinaeleza ukaidi wa kitu: 'Gari halitaki kuwaka', 'Mlango hautaki kufunguka.' Katika mifano hii Mwingereza kwa kawaida hatumii 'want'. Hutumia ukanushi wa 'will'. Jambo hili lina uzito ambao utaonekana baadaye. Sita, kinaeleza kwamba tendo liko karibu kutokea: 'Mvua inataka kunyesha'; 'Jua linataka kuchwa.' Hii ndiyo maana inayozozaniwa zaidi, nayo itajadiliwa peke yake.

Pana pia suala la adabu. Katika Kiingereza, kusema 'I want' mbele ya mtu usiyemzoea huhesabiwa kuwa ukali, na kwa hiyo hutumiwa kauli ya masharti. Wakenya wengi wameihamisha kauli hiyo katika Kiswahili na kupata 'ningependa': 'Ningependa kuwashukuru wote waliofika.' Msikilizaji makini hungoja sharti ambalo haliji, kwa kuwa kiambishi -nge- huashiria jambo linalotegemea jingine. Je, angependa kuwashukuru lakini amezuiwa na nini? Matumizi haya yamekwisha kuzoeleka majukwaani na huenda hayatang'oka. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kujua kwamba lugha yake ina njia nyingine ya upole iliyo kongwe zaidi, nayo ni kubadilisha kitenzi chenyewe. Mswahili hasemi 'nataka maji' kwa mwenyeji wake. Husema 'naomba maji' au 'nipatie maji tafadhali'. Heshima imo katika kuomba.

Kinachofuata baada ya 'kutaka'

Tofauti iliyo bayana zaidi ni ya kisintaksia. Katika Kiingereza, anayetaka mtu mwingine atende jambo huweka yambwa na kisha kitenzi-jina: 'I want you to go.' Muundo huo hautegemei nani anayetenda. Kiswahili huuliza kwanza: je, anayetaka na atakayetenda ni mtu mmoja? Wakiwa mmoja, kitenzi-jina hutosha: 'Nataka kwenda.' Hata 'nataka niende' husikika katika mazungumzo na si kosa. Wakiwa wawili, kitenzi-jina hakikubaliki. Hapo huhitajika dhamira tegemezi yenye kiishio -e na kiambishi kinachomtaja mtendaji: 'Nataka uende', 'Wazazi wanataka mtoto asome.'

Kwa hiyo sentensi kama 'Nataka wewe kwenda' na 'Mwalimu anataka wanafunzi kunyamaza', ambazo huonekana katika insha na hata katika matangazo, ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Ubaya wake si ugeni pekee. Zinaliondoa jibu la swali ambalo sarufi ya Kiswahili husisitiza lijibiwe, yaani nani atatenda. Kiambishi a- katika 'asome' kinambebesha mtoto jukumu la kusoma. 'Kusoma' hakimbebeshi mtu yeyote.

Dhamira tegemezi hutoa pia nafasi ambayo Kiingereza hakina. Linganisha 'Nataka aende' na 'Namtaka aende.' Katika sentensi ya kwanza, kinachotakwa ni tukio la kwenda. Katika ya pili, kiambishi cha yambwa humfanya mtu mwenyewe kuwa mlengwa wa dai. Ameambiwa, au anapaswa kuambiwa. Ndiyo maana mjumbe husema 'Mkuu anakutaka uje', wala haridhiki na 'Mkuu anataka uje', pale anapokusudia kwamba mwito umemlenga msikilizaji yeye na si mwingine. Vivyo hivyo katika ukanushi. 'Sitaki aende' ni kukosa kuridhia, ilhali 'Nataka asiende' ni kuagiza. Kiingereza cha kawaida huyakusanya yote mawili chini ya kauli ya kwanza, na mfasiri asiyejali huipoteza tofauti hiyo.

Kwa upande mwingine, kosa husafiri hata kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Kiambishi -na- katika 'ninataka' hutumika kwa hali ya kudumu na kwa tendo linaloendelea. Mwanafunzi anayekihamisha kiambishi hicho husema 'I am wanting', na mwalimu wa Kiingereza humsahihisha kwa sababu kitenzi hicho, kikiwa na maana ya kutamani, kwa kawaida hakipokei umbo la tendo linaloendelea. Kila lugha ina haki ya kusahihishwa kwa kanuni zake. Jambo la kusikitisha ni kwamba kosa la Kiingereza husahihishwa papo hapo, ilhali 'nataka wewe kwenda' hupita bila kalamu nyekundu.

Mnyambuliko nao unatoa ushahidi wake. Kauli ya kutendea, 'takia', humgeuza mtu kutoka mwenye tamaa hadi mwenye dua: 'Nakutakia kila la heri.' Kiingereza hapa hulazimika kukiacha 'want' na kutafuta kitenzi kingine. 'Takiwa' huondoa kabisa mwenye kutaka na kubakisha wajibu: 'Wanafunzi wanatakiwa kufika saa mbili.' Ni nani aliyetaka? Sentensi haisemi, na kwa kutosema huipa amri sura ya sheria. 'Takikana' huhusu sifa na masharti, 'vyeti vinavyotakikana', na pia mtu anayesakwa na polisi. Nomino 'matakwa' imekuwa msamiati wa siasa: husemwa 'matakwa ya wananchi' pale Mwingereza anaposema 'will'. Kwa mara ya pili, kisawe kinachojitokeza si 'want'.

Methali nazo zimehifadhi umbo jingine: 'Mtaka cha mvunguni sharti ainame', 'Mtaka yote hukosa yote.' Nomino nyingi za watendaji huishia kwa -i au -ji, kama mwizi na msomaji. 'Mtaka' huishia kwa -a kwa kuwa hubeba yambwa yake pamoja nayo, na haiwezi kusimama peke yake. Lazima isemwe mtaka nini. Huo ni usahihi ambao mwanafunzi anaukariri katika methali bila kuulizwa aueleze.

Kutoka tamaa hadi wakati ujao

Sasa hoja inafikia kiini chake. Kiambishi cha wakati ujao katika Kiswahili ni -ta-: 'nitafika', 'watasoma'. Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba kiambishi hiki kimetokana na kitenzi 'kutaka' chenyewe, kilichofupishwa kwa matumizi ya muda mrefu. Ushahidi hauhitaji kutafutwa maktabani. Umo katika vitenzi vyenye virejeshi, ambavyo vimelihifadhi umbo zima: 'nitakapofika', 'atakayeshinda', 'kitakachotokea'. Huko -taka- bado iko wazi.

Ushahidi ulio bora zaidi umo katika nafasi moja ya uandishi. Fikiria matangazo mawili ya chama cha wanafunzi. La kwanza linasema, 'Watakao kuja wajiandikishe.' La pili linasema, 'Watakaokuja wajiandikishe.' Tangazo la kwanza linawahusu wanaotaka kuja. La pili linawahusu watakaofika siku yenyewe. Tofauti ni nafasi moja tu kati ya maneno, na sikio haliitambui kwa urahisi. Wakati ujao umetoka katika tamaa, na hapa bado umesimama kando yake. Mwanafunzi anayepoteza alama kwa kuliandika neno moja kama mawili, au mawili kama moja, hajaelezwa kwamba anapoteza pia maana.

Kiingereza kimepitia njia iyo hiyo, lakini kwa kitenzi kingine. 'Will', ambacho leo ni alama ya wakati ujao, kilikuwa katika Kiingereza cha kale kitenzi cha kutaka. Kilipoelemewa na kazi ya wakati ujao, nafasi yake ya zamani ilikaliwa na vitenzi vingine, na 'want' kilichokuwa cha upungufu kikawa cha tamaa. Kihistoria, basi, ndugu wa kweli wa 'kutaka' ni 'will'. Ndiyo sababu 'gari halitaki kuwaka' na 'matakwa ya wananchi' hutafsirika kwa 'will' bila shida. 'Want' ni mgeni aliyehamia katika nyumba iliyoachwa wazi.

Mvua na wale wanaoikosoa

Kwa msingi huu, mzozo wa 'Mvua inataka kunyesha' unaweza kuamuliwa. Wapo walimu wanaoikata sentensi hii kwa hoja kwamba mvua haina moyo, na kisicho na moyo hakitaki. Wengine huitupia lawama lugha ya mama ya mwanafunzi. Hoja ya kwanza inasahau kwamba mchuzi hauna moyo pia, lakini unataka chumvi bila kulalamikiwa. Inasahau zaidi kwamba katika 'Mvua itanyesha', sentensi ambayo hakuna anayeikosoa, kitenzi 'kutaka' kimo vilevile. Kimejificha tu katika kiambishi -ta-. Anayeikubali 'itanyesha' na kuikataa 'inataka kunyesha' anamkubali mtoto na kumkana mzazi.

Hoja ya pili ina chembe ya ukweli lakini inafikia hitimisho baya. Ni kweli kwamba lugha nyingine za Kenya zina muundo kama huu. Mjaluo huweza kukitumia kitenzi 'dwaro', yaani kutaka, kwa mvua iliyo karibu kunyesha. Mwanaisimu Bernd Heine, katika makala aliyoyachapisha mwaka 1994, alionyesha kwamba katika lugha ya Wamaasai kitenzi cha kutaka kimekuwa pia alama ya tendo linalokaribia kutokea. Dholuo na Kimaasai si lugha za Kibantu. Lugha zisizo za ukoo mmoja zinapofuata njia moja, jambo hilo si uchafu ulioingia kutoka nje, bali ni mwelekeo wa akili ya binadamu: kilicho karibu kutokea huonekana kana kwamba kinajielekeza huko. Kuuita ulemavu ni kuwafundisha wanafunzi kuionea haya sehemu iliyo hai ya lugha.

Gharama ya kutojua

Hadi hapo msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya darasani. Na atoke nje. Katika mahakama za chini nchini Kenya, sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai inaruhusu Kiingereza au Kiswahili. Katika Mahakama Kuu lugha iliyotajwa ni Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo iwapo haielewi lugha inayotumika katika kesi. Kila siku, basi, maneno ya Kiswahili hugeuzwa kuwa ya Kiingereza, na rekodi ndiyo itakayosomwa na hakimu, na baadaye na jaji wa rufaa.

Chukua mfano wa kubuni. Shahidi aliyekoswakoswa na matatu anasema kizimbani: 'Dereva alitaka kuniua.' Sentensi hii ina maana mbili. Ya kwanza: dereva alikusudia kumtoa roho. Ya pili: kwa uzembe wake, dereva nusura amuue. Mkalimani aliyefundishwa kwamba 'kutaka' ni 'want' ataandikisha ya kwanza bila kusita. Lakini Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 220, inamwekea aliyejaribu kuua adhabu inayoweza kufikia kifungo cha maisha, na kiini cha kosa hilo ni nia. Uendeshaji wa hatari ni kosa jingine lenye adhabu nyingine. Kinachoyatenganisha makosa haya mawili ndicho hasa kilichofichwa na kitenzi kimoja. Shahidi hakusema uongo, naye mkalimani hakukusudia ubaya, lakini rekodi inaweza kubeba nia ambayo haikuwahi kushuhudiwa.

Hospitalini hatari ni ile ile. Mgonjwa asemaye 'Jana usiku nilitaka kufa' mara nyingi anaeleza ukali wa maumivu, kwamba alikaribia kufa. Daktari au muuguzi ambaye Kiswahili si lugha yake anaweza kuandika kwamba mgonjwa alitamani kujiua. Vilevile, kwa upande wa pili na kwa hatari kubwa zaidi, mgonjwa aliyekata tamaa kweli anaweza kusikika kana kwamba analalamikia maumivu tu. Hakuna kanuni ya kamusi itakayoamua hapo. Kinachohitajika ni msikilizaji anayejua kwamba sentensi ina njia mbili, na kwa hiyo huuliza.

Wapo watakaojibu kwamba dawa ni rahisi: wasemaji watumie 'nusura', 'almanusura', 'chupuchupu' au 'karibu', na utata uishe. Ni ushauri mwema kwa mwandishi, ambaye ana muda wa kuchagua neno. Mtu aliye kizimbani au kitandani hana muda huo. Atasema kama alivyozoea kusema, na wajibu wa kumwelewa ni wa aliyesomea lugha.

Kwa bahati njema utata huu una vipimo. Cha kwanza ni kiima: je, ni chenye akili na hiari? Kama sicho, kama vile ukuta katika 'ukuta unataka kuanguka', maana ni ya ukaribu. Cha pili ni tendo: je, ni la kukusudiwa? Mtu hakusudii kwa kawaida kuteleza, kuzimia au kusahau, na hivyo 'nilitaka kuzimia' ni ya ukaribu pia. Cha tatu ni nyongeza: je, sentensi inakubali 'kwa makusudi' au 'kisha akabadili nia'? Inapokubali bila kupotosha alichomaanisha msemaji, ni ya nia. Vipimo vyote vikishindwa, kama katika mfano wa dereva, mkalimani hana ruhusa ya kukisia. Ataiomba mahakama shahidi aulizwe: 'Unasema alikusudia, au nusura?' Swali hilo moja lingetosha.

La kufanywa

Mambo matatu yanafaa kuzingatiwa na idara za Kiswahili pamoja na vyama vya wanafunzi. Kwanza, watunzi wa kamusi za lugha mbili, hasa zile ndogo zinazoingia mifukoni mwa wanafunzi, waache kukipa 'kutaka' kisawe kimoja. Maana ya hitaji na maana ya ukaribu zitajwe na kupewa mifano. Pili, ufundishaji wa dhamira tegemezi uunganishwe na vitenzi vya nia kama 'kutaka', 'kuomba', 'kuagiza' na 'kutamani'. Ukifundishwa kama jedwali la viishio, mwanafunzi ataukariri na kuusahau. Tatu, kozi za tafsiri na ukalimani zianze na vitenzi vya kila siku kabla ya istilahi za kitaalamu. Mwanafunzi huiangalia istilahi ngumu katika kamusi kwa sababu anajua haijui. Neno asilolichunguza ni lile analodhani analijua.

Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba. Hadhi hiyo inaandamana na kazi. Lugha inayotumika kumfunga mtu, kumtibu na kumwachilia huru yataka watu wanaoijua hadi katika vitenzi vyake vidogo. Na neno 'yataka' katika sentensi hiyo, msomaji amekwisha kuona, haliwezi kutafsiriwa kwa kamusi ya mfukoni.